Kingamwili za baridi yabisi huonekana kwenye damu mapema kiasi gani?

Mwana_Tanga: Habari zenu ndugu. Mama yangu ana baridi yabisi ya muda mrefu, na vidole vyake vimepinda. Mimi viungo haviniumi kabisa, ila nilipopimwa damu, anti-CCP imetoka juu ilhali RF ni ya kawaida (zote mbili ni vipimo vya kingamwili za baridi yabisi). Je, ugonjwa umeshaanza?

Maabara_Usiku: Dada, mpe mama pole. Kingamwili hizi, yaani protini za kinga zinazoushambulia mwili wenyewe, hutangulia ugonjwa, tena kwa miaka. Mwaka 2004 watafiti wa Amsterdam walipima damu iliyohifadhiwa ya wagonjwa 79, ambao waliichangia wakiwa bado wazima, wakakuta takribani nusu yao walikuwa na RF au anti-CCP kabla ya dalili ya kwanza, kwa kawaida miaka 4.5 kabla, na wachache hata zaidi ya miaka kumi. Mwanzoni huwa chache, lakini ugonjwa unapokaribia huongezeka kwa wingi na kwa aina, kwa kuwa kinga ya mwili huzidi kushambulia protini za mwili ambazo kijenzi chake kimoja, arginini, kimegeuzwa kuwa kingine, sitrulini; hizo ndizo anti-CCP inazozilenga. RF peke yake isingenishtua sana, maana hupanda hata kwa malaria, kifua kikuu au homa ya ini. Anti-CCP ndiyo inayostahili kufuatiliwa.

Mzee_Kivumbasi: Naongeza kwamba kuwa na kingamwili si kuugua, na wapo wanaokaa nazo bila kuumwa. Dawa ya kuzuia moja kwa moja bado haijapatikana. Katika jaribio la abatacept, dawa inayotuliza kinga ya mwili, lililofanyika Uingereza na Uholanzi, matokeo yake yakatolewa 2024, watu 213 wenye kingamwili na maumivu ya viungo walifuatiliwa: baada ya mwaka mmoja wa matibabu, waliougua walikuwa asilimia 6, dhidi ya 29 ya waliopewa dawa bandia (isiyo na tiba ndani yake, ya kulinganishia tu), lakini kufikia miaka miwili ilikuwa asilimia 25 dhidi ya 37. Wewe huna maumivu, kwa hiyo usikubali kuanzishiwa dawa kwa sababu ya karatasi ya majibu tu. Kama unavuta sigara, acha leo, na fizi zinazotoka damu zitibiwe, maana vyote viwili huhusishwa na ugonjwa huu.

Mwana_Tanga: Ahsanteni sana. Nichunge dalili gani?

Maabara_Usiku: Viungo kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, pete kuanza kubana, au kuumia mtu anapokupa mkono na kubana vifundo vya vidole. Ukiona mojawapo, muone daktari wa viungo wiki hiyohiyo, na uende na majibu yako ya damu.