Wakala haishi kukagua kapeti, lakini alamu ya moshi iliyokufa hata haitazami!

Wadau mnaopanga nyumba hapa England, leo nimefika mwisho wa uvumilivu.

Wakala wa mwenye nyumba wetu haishi kuja kukagua. Anapiga picha kapeti, anafungua oveni, anapitisha kidole juu ya kabati la jikoni, anahoji kwa nini nguo zimeanikwa sebuleni, anahoji hii harufu ni ya nini (ni dagaa, chakula chetu!). Safari hii amefungua mpaka kabati la nguo za mke wangu. Akishaondoka inakuja barua pepe: sinki lina madoa, majani ya nyuma yamerefuka, shughulikieni.

Sasa panda ngazi uone. Pale juu, nje ya chumba wanacholala watoto, kuna alamu ya moshi iliyogeuka manjano kwa uzee. Bonyeza kitufe, kimya. Nimeweka betri mpya, kimya. Nikapanda kiti nikaichomoa darini, nikakuta ubavuni imeandikwa mwaka wa kuibadilisha: 2018. Alamu hizi zina umri wake, kwa kawaida miaka 10, na ukishapita hata uweke betri gani si za kutegemewa tena. Wakala anapita chini yake kila anapokuja. Na kwenye fomu yake, penye mstari wa alamu, ameweka tiki! Fomu nimeiona kwa macho yangu. Hakunyoosha mkono, hakubonyeza kitu, akaandika iko sawa, juu ya vichwa vya wanangu.

Na sheria ipo. Kanuni za mwaka 2015, zilizoongezwa makali kuanzia 1 Oktoba 2022, zinamtaka mwenye nyumba aweke alamu ya moshi angalau moja kwenye kila ghorofa wanapokaa watu. Siku mkataba unapoanza anatakiwa ahakikishe zinafanya kazi. Kuzijaribu kila mwezi ni juu yetu wapangaji, na betri pia, hilo sikatai. Lakini ukimwambia imeharibika, kuitengeneza au kuibadilisha ni wajibu wake. Akikaidi, halmashauri inamwandikia notisi, anapewa siku 28, na akiendelea kukaidi faini inaweza kufika pauni 5,000. Wanaokaa nyumba za halmashauri na mashirika ya nyumba nao wameingizwa humo tangu 2022, msidanganywe.

Wenye boila ya gesi ndani ya chumba mnachokaa, tazameni na alamu ya kaboni monoksidi. Nayo ni lazima tangu 2022. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, inakuua usingizini. Na cheti cha ukaguzi wa gesi ni cha kila mwaka, kidaini.

Kuhusu kuingia: mwenye nyumba anayetaka kukagua hali ya nyumba anatakiwa akupe taarifa ya maandishi saa 24 kabla, na aje saa za kistaarabu. Imo kwenye sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985. Huyu wetu alishawahi kuingia kwa ufunguo wake mwenyewe wakati mke wangu ametoka zamu ya usiku na amelala. Mtu unaamka unamkuta mwanaume mgeni kwenye korido! Ukihoji unaambiwa ni ukaguzi wa kawaida. Kawaida ya nani?

Najua wengi wetu tunanyamaza. Tunaogopa kutolewa, tunaogopa kukosa barua ya kututambulisha nyumba nyingine, wengine tunaogopa mambo ya visa. Alamu haiwekwi kwa kuangalia pasipoti ya mpangaji. Wakazi wa Grenfell Tower pale London walilalamika kuhusu usalama wa moto miaka kadhaa kabla, hawakusikilizwa. Usiku wa 14 Juni 2017 jengo liliungua, wakafa watu 72. Wengi wao walikuwa wahamiaji kama sisi. Ndiyo maana mtu akiniambia nisikuze jambo kwa sababu ya kidude cha plastiki, damu inachemka.

Msipige simu. Simu haibaki. Andika barua pepe, weka picha, weka tarehe, tunza nakala. Kikosi cha zima moto cha eneo lako nacho waulize, wanaweza kuja nyumbani kushauri bila malipo.

Mimi nimeshaandika, na picha ya ule mwaka 2018 nimeambatanisha pamoja na ile fomu yenye tiki. Wasipobadilisha nakwenda halmashauri. Kuna aliyewahi kuwaita halmashauri kwa jambo hili? Walichukua muda gani kutuma mtu, na mwenye nyumba alikufanyia nini baada ya hapo? Nijibuni hapa hapa, si inbox, wengine nao wasome.