Bima kubwa wanataka kunifungia taa za kopi. Nisaini?

Mwana Mikindani
Wakuu, habari za humu. Noah yangu iligongwa na lori la korosho pale Mnazi Mmoja, natokea Lindi. Trafiki walipima, dereva wa lori hakubisha. Nina bima kubwa, nikaona nidai kwangu kuliko kumkimbiza mwenye lori. Sasa karatasi ya gereji imekuja: boneti ya mtumba, bampa na taa za mbele za kopi. Hiyo taa nimeishika. Nyepesi kama sahani ya plastiki, masikio yake hayafiki kwenye matundu ya bolti, fundi anasema atatoboa mengine. Kutoboa! Na kabla hawajagusa gari wanataka nisaini kwamba sina madai tena.

Mama Chikongola
Usisaini, mwanangu. Ukishaweka sahihi, taa hata ikidondokea Mingoyo watakuonesha hiyo karatasi.

Fundi wa Magomeni
Pole kaka, ila tuseme ukweli. Noah yenyewe imeshuka bandarini mtumba. Boneti iliyotoka Japani kwenye gari kama lako ni orijino, naifunga hata leo na inakaa bila kulalamika. Gombania taa na bampa.

Wakili Mstaafu
Ugomvi huu si wa kwetu tu. Marekani, kampuni ya bima ya State Farm walishtakiwa kwa kufungia wateja spea zisizo za mtengenezaji wa gari. Mwaka 1999 mahakama Illinois ikawapiga zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya jimbo ikafuta yote. Wateja wakarudi na kesi nyingine, wakidai kampuni ilisaidia kwa siri kampeni ya uchaguzi ya jaji mmojawapo wa mahakama hiyo. 2018 State Farm wakakubali kulipa dola milioni 250 bila kukiri kosa.

Wewe huna haja ya kufika huko. Soma mkataba wako unasemaje kuhusu spea. Kisha peleka pingamizi kwa maandishi, si kwa simu. Wakikaza, nenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapo Mtwara, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mwana Mikindani
Shukrani wakuu. Mkataba unasema "spea za aina na ubora uleule", basi. Boneti nimewaachia, taa na bampa nimekataa kwa barua. Nakala yangu imegongwa mhuri mapokezi, ingawa dada wa pale alinuna kweli. Fundi, taa orijino za mtumba unazo?

Fundi wa Magomeni
Ya kushoto ipo. Ya kulia niagize Dar.