Tupeane uzoefu: albamu ya rock uliyoisikiliza yote mwanzo mwisho, ikakukamata au ikakushinda

Zabibu Chungu (mleta uzi), Kikuyu, Dodoma

Wakuu heshima kwenu. Kila nikipita jukwaa la muziki nakuta singeli, bongo fleva na wazee wetu wa Sikinde na Msondo. Sina ugomvi na yeyote. Ila najua sisi watu wa magitaa ya kukwaruza tupo, tumejificha Area C, Nkuhungu, Ipagala, mpaka Kondoa na Manyoni huko. Leo tujitokeze. Masharti mawili tu: taja albamu, siyo wimbo mmoja, halafu useme uliipataje, maana huku kwetu njia iliyokuletea albamu ndiyo inaamua utaisikiaje.

Naanza na Hybrid Theory ya Linkin Park. Ilitoka Oktoba 2000, mimi ikanifikia nikiwa UDOM, miaka mingi baadaye, kwa memori kadi. Mnakumbuka vile vibanda? Unampa kijana kadi, unamwambia niwekee Linkin Park, anakumwagia folda zima unalipa unaondoka. Sasa simu yangu ya Kichina ilikuwa inapanga nyimbo kwa alfabeti. Albamu yangu inaanza na A Place for My Head, kale kagitaa kanakonyata halafu mwimbaji wao Chester Bennington anapasua koo. Inafuata By Myself, Crawling, kisha Cure for the Itch ambayo haina uimbaji, unapata pumzi. In the End inaangukia ya sita, katikati kabisa. Inafunga With You.

Siku hizi ninayo ile yenye mpangilio wenyewe, inayofunguliwa na Papercut na kufungwa na Pushing Me Away. Msimamo wangu haujatikisika: ya alfabeti ni tamu zaidi. Kwenye mpangilio wao In the End imerudishwa nyuma mpaka ya nane, na ukishafika hapo umeshachoka kupigiwa kelele.

Meteora ya 2003 ni ile ile imepigwa pasi. One More Light ilitoka Mei 2017, watu wakaiponda. Julai Chester akafariki, watu wale wale wakageuka kuiita kazi kubwa. Mimi sijageuka. Maneno yamekuwa mazito, sawa, lakini muziki wenyewe bado mwepesi.

Karibuni tutiririke.

Fundi Sabufa, Chang'ombe

Silver Side Up ya Nickelback. Nimekaa paleee nasubiri matusi.

Mtu wa Treni

@Fundi Sabufa matusi ya nini mkuu? Hiyo habari ya kuwacheka Nickelback ni ya Wazungu, huku haikutufikia. Ilitoka tarehe 11 Septemba 2001, siku ambayo dunia nzima ilikuwa inaangalia kitu kingine, na bado How You Remind Me ikatoboa mpaka kwenye daladala. Nyimbo tatu za kwanza hazina mpinzani. Kuanzia hapo kila wimbo unafanana na jirani yake.

Mama Wawili, Kisasa

Mimi ni mtoto wa mlokole wa Mpwapwa, kwa hiyo rock nyumbani ilikuwa ni kazi ya shetani, hakuna mjadala. Kaka yangu akarudi likizo na kaseti ya kurekodiwa, Human Clay ya Creed, haina jalada, imeandikwa kwa kalamu tu. Mama yuko jikoni anasonga ugali. Tukasikia mwiko umenyamaza. Tukajua kimeumana. Akatokea mlangoni akauliza, "Hawa ni akina nani? Huyu baba anaimba kwa mzigo." Kaka, mjanja yule, akasema ni kwaya ya Marekani. Basi ile kaseti ikapata kibali. Ilikuwa inapigwa hadi Jumapili kabla ya ibada, na ile With Arms Wide Open mama alikuwa anainua mikono kabisa. Na kwa kweli Scott Stapp, mwimbaji wa Creed, aliuandika wimbo huo alipopata habari kwamba atakuwa baba, kwa hiyo mama hakuwa mbali.

Kichekesho ni Fallen ya Evanescence, 2003. Kaka akaja na CD ya kuchoma, safari hii ina jalada la karatasi lenye ule uso wa binti wa rangi ya bluu. Mama akaitazama mara moja akasema itoke ndani ya nyumba yangu. Mwanzoni albamu hiyo ilikuwa inauzwa kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo kule Marekani, ikaja kuondolewa baada ya bendi wenyewe kusema wao si wa injili! Kwa hiyo ya injili nusu ikafukuzwa Mpwapwa, na Creed wakaingia ibadani.

Maoni yangu baada ya miaka yote: Human Clay imezeeka vibaya, Stapp anaimba kila neno kama tangazo la msiba. Fallen bado inasimama. Nikiwa na hasira na mtu ofisini naiweka mwanzo mwisho kwenye foleni ya kurudi kutoka Mtumba. Kinachonikera ni ile sauti ya kiume kwenye Bring Me to Life. Amy Lee, mwimbaji wao, ameshaeleza kwamba kampuni ndiyo iliyong'ang'ania iwemo. Inasikika hivyo hivyo, kama mgeni aliyekaribishwa kwa lazima.

Mtu wa Treni

@Mama Wawili umeniua dada, "mwiko umenyamaza".

Yangu mimi ni ya safarini. Kusikiliza albamu nzima kwenye basi la Dar haiwezekani, kuna bongo muvi juu ya kichwa chako mpaka Gairo. Tangu SGR ifike Dodoma 2024 nimepata saa tatu na kitu za kukaa bila kuitwa na mtu. OK Computer ya Radiohead, 1997, dakika 53. Naiwasha tukitoka Morogoro. Pakueni kabla, maana ukiingia kwenye yale mahandaki ya Kilosa mtandao unakata. Airbag ni wimbo wa mtu aliyenusurika ajali ya gari, anashangaa tu kwamba yuko hai. Niliwahi kuusikiliza usiku kwenye basi dereva akikimbizana na mwenzake, nikaondoa hedifoni masikioni. Kwenye treni unaingia vizuri. Na Let Down, pale mwishoni sauti zinapopandiana, ndiyo sababu ya kuvumilia yote mengine, pamoja na Fitter Happier, ambayo mashine inakusomea orodha mpaka unataka kushuka kituo kinachofuata.

Iliyonishinda ni Kid A ya hao hao Radiohead. Ilitoka mwezi ule ule na Hybrid Theory ya mleta uzi, Oktoba 2000. Magitaa karibu yote wameyafungia kabatini. Nimeijaribu kwenda, nimeijaribu kurudi. Napenda The National Anthem pale vipulizo vinapogombana, napenda How to Disappear Completely, kwingine naona wananitega nionekane mshamba. Anayeanza Radiohead mpeni In Rainbows ya 2007. Ndiyo ile waliyoiweka mtandaoni wakasema lipa unachotaka, hata bure. Ni fupi, ina ngoma zenye mwendo, haikudai digrii.

Usiku wa Hombolo

Kid A ni ya saa nane usiku, taa zimezimwa. Kwa jua hili la Dodoma na vumbi lake huwezi kuielewa hata ukilipwa.

Fundi Sabufa, Chang'ombe

Nimeona matusi hayaji, wacha niseme la kikazi.

Natengeneza sabufa na redio za magari. Kuna mteja wa Area D aliniletea spika anasema zimepasuka, zinakwaruza. Nikapima, nzima. Nikamuuliza ulikuwa unapiga nini. Californication ya Red Hot Chili Peppers. Nikamwambia chukua mzigo wako bosi, kinachokwaruza ni albamu.

Iko hivi. Sauti ni wimbi, linapanda na kushuka. Kuna paa ambalo halivukiki. Miaka ile ya mwishoni mwa tisini kila mtu alitaka albamu yake isikike kubwa kuliko ya jirani, kwa hiyo wanasukuma sauti nzima juu mpaka vilele vinagonga paa na kukatwa bapa. Kile kilichokatwa ndicho unachokisikia kama mkwaruzo. Californication ya 1999 ndiyo mfano unaotajwa kila siku. Death Magnetic ya Metallica, 2008, ndiyo mbaya zaidi. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zile zile zilizowekwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zinasikika safi kuliko kwenye CD waliyoinunua kwa hela yao.

Na inauma kwa sababu Californication kwenye utunzi ni albamu bora. Mpiga gitaa wao Frusciante ndiyo kwanza amerudi kundini, gitaa lake noti chache tu lakini kila moja ina kazi. Ukitaka kujua sabufa yako ni nzima, weka Black Album ya Metallica, 1991. Ikikwaruza hiyo, njoo Chang'ombe.

Zabibu Chungu (mleta uzi)

Sasa naelewa kwa nini CD zangu za kuchoma zote zilikuwa zinapiga kelele. Kuna mtu wa Queen? Freddie Mercury ni mzaliwa wa Zanzibar jamani, tusimsahau mtu wa nyumbani.

Mjukuu wa Ilimba, Chamwino

Mleta uzi Zanzibar ni mbali, kuna wa hapa hapa.

Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa Dodoma, aliyeishi Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003. Mwaka 2002 alitoa albamu inaitwa Assembly, yeye na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, kupitia Real World, lebo ya Peter Gabriel aliyekuwa mwimbaji wa Genesis. Brook huyu ndiye aliyebuni gitaa ambalo ukigusa uzi sauti haifi, inaendelea kuvuma mpaka uamue mwenyewe. The Edge, mpiga gitaa wa U2, alilitumia kwenye With or Without You, ndani ya The Joshua Tree ya 1987. Ule mlio mrefu unaoelea nyuma ya mwimbaji wao Bono ndio huo. Kwa hiyo kati ya U2 na zeze la Wagogo kuna mtu mmoja tu.

Assembly niliipata kwa mtalii aliyekuja kwenye ngoma hapa Chamwino, akaniachia flashi. Nikampelekea baba mdogo, mpiga zeze. Alisikiliza nyimbo mbili akasema, "Huyu Mzungu anaongea wakati mtu mzima anaongea." Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba, haikutengenezwa itoe sauti safi, ina mvumo wake wa kukwaruza, na gitaa la Brook linaingia humo humo bila kuvunja mlango. Anayesema rock ni kelele hajawahi kukaa mbele ya ilimba kubwa. Penye kasoro napo papo: sehemu nyingine Brook amejaza mno, ungependa atoke nje kidogo Zawose abaki peke yake. Ukitaka hivyo tafuta Chibite ya 1996.

The Joshua Tree yenyewe redio zinapiga zile tatu za mwanzo zinakimbia. Utamu uko mwishoni, Exit na Mothers of the Disappeared.

Utingo Mstaafu, Kibaigwa

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Nilianza utingo miaka ya sabini mwishoni, malori ya Zambia. Dereva wangu alikuwa na kaseti za vijana wa kule waliokuwa wakipiga rock. Rais wao Kaunda aliagiza redio ipige muziki wa Kizambia asilimia 95. Vijana waliolelewa na Hendrix na Rolling Stones wakaona basi, tutautengeneza wenyewe. Lazy Bones!! ya WITCH ni ya 1975, Africa ya Amanaz nayo 1975. Mwimbaji wa WITCH wanamwita Jagari, kwa ajili ya Mick Jagger. Bei ya shaba ikaanguka, hela ikaisha, bendi zikafa, na ukimwi ukawamaliza wengi. Jagari yupo, wametoa Zango 2023.

Zote nimesikiliza. Africa ndiyo bora. Polepole, gitaa limechakaa, mtu anaimba kama amekosa usingizi.

Mama Wawili, Kisasa

Shikamoo mzee. Africa nimeipata mtandaoni, naishusha leo kwa bando la usiku.

Utingo Mstaafu, Kibaigwa

Marahaba mwanangu. Usiruke ruke nyimbo.

Mchungaji wa Manyoni

Nimechelewa. Nirvana, ile ya MTV Unplugged iliyorekodiwa New York Novemba 1993. Albamu yao Nevermind imesafishwa mno, mwimbaji wao Cobain mwenyewe aliilalamikia. Kwenye Unplugged kuna nyimbo sita za watu wengine na anaziimba kuliko wenyewe. Nabishana na yeyote kuhusu hilo. Natafuta In Utero yenye ubora wa kueleweka, siyo ile ya kibandani. Jumamosi nakuja Dodoma mjini, nitakuwa Soko la Majengo mpaka saa saba mchana, mwenye nayo aje na flashi, nitampa Unplugged yote.

Fundi Sabufa, Chang'ombe

Ninayo. Njoo na flashi yako, zangu hazirudi.