Naomba ushauri: posho na kibali cha watafiti wageni maktabani

Wakuu, nawauliza mnaosimamia ufadhili wa watafiti katika maktaba za historia na fasihi hapa Nairobi.

Mpango wetu ni kuwapa watafiti wageni nafasi 4 za miezi 3 maktabani. Kinachokwamisha ni kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu): mtafiti wa kigeni lazima awe na taasisi mwenyeji nchini, na barua ya mwenyeji ikichelewa, kibali nacho huchelewa. Mtu anafika, wiki zinaliwa na makaratasi huku posho ikiyeyuka.

Je, barua hiyo itolewe pamoja na ile ya kumpa nafasi? Naona ndivyo inavyofaa. Na awamu ya kwanza ya posho itoke akipata kibali au akiwasili? Kungoja kibali kunamuumiza asiye na akiba, na hao hasa ndio wanaostahili nafasi.

Jambo jingine ni majalada. Waombaji wengine hutaja makusanyo ambayo hayajaorodheshwa, wakapewa nafasi, kisha wakakosa cha kusoma. Mkutubi akague kila ombi kabla ya jopo kukaa, au yale yaliyopita mchujo tu?

Maombi ya Kiswahili nayo, mnapataje wasomaji 2 wa kuyapima bila kuyatafsiri?