Re: Bima ya kulipa kwa maili, kuna aliyejaribu?

> Wadau habari za jumapili. Nimepigiwa simu na watu wa bima eti wana mpango wa kulipa kwa maili unazoendesha, unachomeka kidude kwenye gari. Niko Houston, Corolla ya 2016. Kuna nafuu kweli au tunapigwa?

Kaka, mimi nimepita njia zote mbili hapa hapa Houston. Kuna ya kulipa kwa maili, yaani bei ya msingi kila mwezi halafu senti kadhaa kwa kila maili, na kuna ya kukuchunguza unavyoendesha, breki, spidi, saa ngapi uko barabarani. Kwenye simu wanasema "diskaunti" tu, waulize ipi.

Nilianza na ya kuchunguzwa, apu kwenye simu. Sie wabeba boksi ile haitufai. Zamu yangu ya jioni kwa wazee inaisha saa tano usiku, mpaka ukabidhi na umsubiri mwenzio aliyechelewa unawasha gari saa sita na dakika tano, na apu yao saa sita mpaka saa kumi alfajiri ni saa za hatari. Kila siku nakatwa pointi kwa kosa la kwenda kulala! Halafu I-45 mtu anakuchomekea bila indiketa, ukifunga breki mkosaji wewe. Jumapili moja shoga yangu kanipa lifti kwenda kanisani, anaendesha kama ana daladala ya Gongo la Mboto, apu ikaandika ni mimi. Kufika kuhuisha bima, diskaunti dola nne.

Ya maili ndo niliyo nayo sasa. Zamani nalipa 142 kwa mwezi, sasa msingi 52 na senti 6 kwa maili. Kazini ni karibu siku hizi, natembea kama maili 500 kwa mwezi, inakuja 82. Ila ukifika maili 1,500 umerudi kwenye 142 ile ile, na Houston hii maili 1,500 ni mtu tu anayekaa Katy akafanya kazi mjini. Kama unapeleka chakula cha watu ndo usiguse kabisa, tena hata hiyo bima ya kawaida uliyo nayo soma vizuri, nyingi hazilipi ukigonga ukiwa kwenye deliveri.

Desemba nilienda nyumbani wiki tano, gari limelala, nimelipa msingi tu, raha. Ila kidude kinanyonya betri, narudi gari haliwaki, jirani ndo akaja kuniboosti.

Na misiba jamani. Mipango mingi ina kikomo, mara nyingi maili 250 kwa siku, zaidi ya hapo hawahesabu. Dallas ni kama maili 240. Ukienda na kurudi siku hiyo hiyo unalipia 250, ukilala kwa wafiwa unalipia zote 480. Nacheka lakini nilishawahi kuipiga hiyo hesabu nikiwa msibani, Mungu anisamehe.

Mambo ya siri, kidude kinajua unalala wapi, sikufichi. Ila kukikataa siyo kinga, 2024 mwanasheria mkuu wa Texas aliwashtaki General Motors akidai wameuza data za madereva, na hiyo inatoka kwenye gari lenyewe bila kuchomeka kitu.

---

Naongezea nikiwa Oakland. Huku California, tangu sheria iliyopigiwa kura 1988, maili unazoendesha kwa mwaka ni moja ya vitu vikubwa vya kupanga bei hata kwenye bima ya kawaida. Kwa hiyo kabla hujahama kampuni wapigie uwaambie maili zako halisi. Mimi walikuwa bado wananihesabia za kazi niliyoacha zamani.

---

Asanteni sana, dada ubarikiwe. Nimechimba dashibodi nikapata risiti ya oili ya mwaka jana mwezi kama huu, inasema 118,260. Leo odomita 139,700. Kwa bei zako dada hiyo ni kama 159 kwa mwezi, na mimi sasa hivi nalipa 136. Basi kidude chao wakae nacho.