Bon odori ya mtaa iliyopunguzwa: niende, au nisubiri Awa Odori?

Mgeni_Saitama: Wakuu, habari za jioni. Niko Saitama, Japani, kimasomo, hiki ni kiangazi changu cha kwanza. Mama mwenye nyumba kanialika bon odori ya mtaa, ile ngoma ya kiangazi ya kuwakumbuka waliotangulia, Jumamosi, uwanja wa shule ya msingi. Kasema kabla ya korona ilikuwa siku mbili na vibanda vya chakula. Sasa ni jioni moja, vibanda hakuna. Niende, au nitunze nauli ya mji wa Tokushima, kwenye Awa Odori, tamasha lao kubwa la ngoma la tarehe 12 hadi 15 Agosti? Na mgeni huruhusiwa kucheza?

Mkaazi_Osaka: Awa Odori inapendeza sana, ila vikundi vyake, wanaviita ren, vinafanya mazoezi mwaka mzima. Mgeni unaingia niwaka-ren, kundi la wanaojitokeza siku hiyohiyo.

Binti_Nagoya: Nenda Jumamosi, ndugu yangu. Mimi nilicheza ya namna hiyo mwaka 2022: barakoa usoni, taa za karatasi chache, jukwaa la mbao katikati na ngoma moja juu yake. Duara lilikuwa moja tu, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Nilisimama nyuma ya bibi mmoja nikawa nafuata mikono yake. Ikipigwa Tanko Bushi, wimbo wa wachimba makaa wa Fukuoka, mwili unafanya kazi ya mgodini: unachimba, unatupia begani, unageuka kutazama, unasukuma kitoroli, unafungua mikono, makofi. Ukikosea hujali, wimbo unarudi mwanzo na wewe unaanza upya. Nilipofika raundi ya nne sikuwa nahesabu tena.

Wimbo ulipoisha, bibi akaniambia mumewe alifariki katika ile miaka ambayo ngoma ilisimamishwa. Bon ni siku za kupokea roho za waliotangulia, basi jioni ile alikuwa akimchezea yeye. Kwake haikuwa imepungua kitu.

Mgeni_Saitama: Asante dada, umenigusa. Naenda. Mama mwenye nyumba kaniazima yukata pia, lile vazi jepesi la kiangazi, kuna la kuzingatia?

Binti_Nagoya: Upande wa kushoto ulale juu ya wa kulia. Kinyume chake huvishwa maiti. Na ufike mapema, upate nafasi nyuma ya mzee anayejua.

Mgeni_Saitama: Nimerudi sasa hivi. Miguu inauma, Tanko Bushi imepigwa mara tatu, na mama mwenye nyumba alikuwa mbele yangu muda wote.