Mwalimu asiye na cheti cha ualimu ana haki gani kazini?

Mleta mada: Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Kwenye shule binafsi za mtaani kwetu hapa Tanzania, binti aliyemaliza kidato cha nne na hajapita chuo cha ualimu anapewa darasa la kwanza. Mwenye shule anajua fika kwamba hana cheti. Binti anaandika andalio la somo, anafundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa vijiti na vifuniko vya soda, anasaini daftari la mahudhurio kabla watoto hawajaingia. Shule ikifunga Desemba, mshahara unakoma. Januari anaitwa upya kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakitarajiwa, anaambiwa siku hiyo abaki nyumbani. Akiuliza mkataba au michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anajibiwa: "Kwani wewe ni mwalimu?"

Msimamo wangu ni kwamba sifa ya ualimu na haki ya mfanyakazi ni vitu viwili. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya 2018 inataka mwalimu asajiliwe, na hiyo siipingi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimtaki mtu awe na cheti cha chuo ndipo aitwe mfanyakazi. Akishavuka miezi sita kazini, huwezi kumwondoa bila sababu halali na utaratibu wa haki. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, ila mpaka atimize miezi 12 mfululizo. Naamini ndiyo maana Desemba inakatwa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, nakupinga. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa watumishi wa umma 9,932, na wengine walikuwa na miaka mingi kazini. Ukimpa asiye na sifa ulinzi wa ajira, umewaumiza vijana wenye diploma ya ualimu waliokaa nyumbani wakisubiri ajira.

Mleta mada: Uchungu wa hao vijana naujua, na nataka nafasi hizo wazipate wao. Ila wale wa 2017 walikutwa na vyeti vya kughushi. Huyu hakumdanganya mtu. Aliajiriwa kwa sababu ni nafuu. Tena hata wale, mwaka 2022 serikali iliamua warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii. Iweje aliyeingia kwa mlango wa mbele anyimwe hata mchango wenyewe?

Na tusisahau tulikotoka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipotaka kila mtoto aanze shule, waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakiwa kazini. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tuliwasema sana, na kweli elimu iliyumba, lakini walikuwa waajiriwa, na baadaye wengi walipandishwa daraja kwa mafunzo kazini. Serikali iliubeba mzigo iliouanzisha. Mwenye shule wa leo anataka kazi ya mtu bila mzigo wowote.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni mzazi. Haki zake apewe, sawa, lakini mwanangu hatasoma darasa la kwanza mara ya pili. Huyo dada atabaki mbele ya watoto mpaka lini?

Mleta mada: Hapo tuko pamoja, dada yangu. Sidai apewe darasa la kudumu. Nadai mkataba wa maandishi unaotaja muda wa kwenda kusomea ualimu, na shule ichangie ada. Muda ukiisha hajasoma, atoke darasani, ahamishiwe kazi nyingine au aachishwe kwa notisi na stahiki zake zote. Gharama hiyo ndiyo itamfanya mwenye shule afikirie kuajiri aliyesoma tangu mwanzo, na mtoto wako ndiye atakayefaidika.

Kwa walio kwenye hali hii sasa: tunzeni ujumbe wa malipo kwenye simu, ratiba yenye jina lako, na nakala ya daftari la mahudhurio. Ukiachishwa, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Wengi wanasubiri kuitwa Januari, na Januari ikifika siku zimeshapita. Mwanasheria aliyewahi kusimamia shauri la aina hii aje atueleze: likizo ya Desemba inaukata mwendelezo wa ajira au haiukati?